Basenji: mbwa wa msitu wa Kongo aliyepewa jina la matusi

Ulaya na Marekani kuna mbwa mdogo wa kuwinda anayeitwa Basenji. Ananunuliwa kwa pesa nyingi, anaandikiwa kitabu cha ukoo na kupelekwa kwenye mashindano. Mkaaji wa Goma akisikia jina hilo anashangaa, kwa sababu hapa kwetu ni tusi.

Kwa Kilingala, basenji ni wingi wa mosenji. Neno lilitoka kwa Kiswahili cha pwani, mshenzi, likaingia bara pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Wakati wa Wabelgiji lilitumika kumdharau mtu wa kijijini mbele ya wale walioitwa evolue, waliosoma na ambao tangu 1948 waliweza kuomba kadi ya sifa ya uraia. Mbwa wa watu wa msituni akaitwa mbwa wa basenji, yaani mbwa wa washenzi. Jina hilo halikutoka kwa wenye mbwa.

Kazi yake msituni

Wenye mbwa ni watu kama Bambuti wa msitu wa Ituri, kaskazini ya Kivu ya Kaskazini, na Wazande wa Uele. Kwa uwindaji wa nyavu, wanaume hutandaza nyavu kwa mzunguko, na wanawake na watoto husukuma wanyama kwa kelele. Mbwa huingia vichakani kufukuza mboloko na wanyama wengine wadogo.

Kwa sababu mbwa huyu habweki, mwindaji humfunga kengele ya mbao shingoni. Kengele ndiyo inayomwambia yuko wapi. Mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth alikuta mbwa wa aina hii kwa Wazande karibu mwaka 1870.

Safari ya Ulaya

Mwaka 1895 mbwa wawili wa Kongo walifikishwa Uingereza, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta wengine sita kutoka Sudani, nao wakafa. Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 mbwa wake walivuta umati kwenye maonyesho ya Crufts, London.

Lakini ukoo wote wa Ulaya na Marekani ulitokana na mbwa wachache tu. Kuzalisha ndugu kwa ndugu kukaeneza ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi: mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda hadi kufa. Ikabidi wafugaji warudi kwenye chanzo. Mwaka 1987 na 1988, Wamarekani Jon Curby na Michael Work walikuja kaskazini-mashariki ya Zaire kutafuta mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika. Damu ya mbwa wa wale walioitwa washenzi ndiyo iliyotafutwa ili kuokoa mbwa wa matajiri.

Kwenye chanzo chenyewe hali ni ngumu. Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai Simba walishambulia Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi. Waliua watu na okapi 14. Kila watu wa msitu wanapokimbia, uwindaji unasimama, na ujuzi wa kufundisha mbwa unakosa mahali pa kupitishwa kwa watoto. Familia za Bambuti zinaishi hata Mugunga, pembeni ya Goma, mbali na msitu.

Tabia yake

Basenji ana kimo cha sentimita 40 hadi 43 begani na uzito wa kilo 10 au 11. Masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na kipaji cha uso kina mikunjo. Koo lake limeumbwa tofauti, kwa hiyo badala ya kubweka hutoa sauti ya kupanda na kushuka, karibu na kigelegele. Hujilamba kama paka na hana harufu kali. Jike hushika joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi hushika mara mbili.

Ana akili, lakini hapendi kuamrishwa. Kumpiga hakusaidii, kunamfanya akuogope. Chochote kinachokimbia anakifuata, iwe kuku au pikipiki.

Matunzo

Si kila mbwa mwekundu mwenye mkia uliojikunja ni Basenji. Hata hivyo, mbwa wa kijijini aliyewafuata wahami kwa miguu anahitaji matunzo yale yale.

Manyoya yake ni mafupi, na usiku wa Goma una baridi. Gunia kavu mahali pasipoingia mvua linatosha. Fufu na vichwa vya sambaza anakula, lakini asipewe vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Maji safi yawepo kila siku. Karibu na barabara afungwe kamba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe tangu miezi mitatu, kisha irudiwe kama veterinari anavyoelekeza. Watoto wa mbwa wachanjwe pia dhidi ya distempa.

Wazazi wawaambie watoto kwamba mbwa asiyebweka anaweza kuuma bila kubweka kwanza. Wasimguse akila au akilala. Mbwa yeyote akimuuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikipatikana kabla yake, maisha yanaokoka.