Dawa ya makali: Nani kasema Kiswahili hakina neno?

WANAFUNZI wa uhandisi hapa Juja wameniuliza zaidi ya mara moja: ile pasta ya kijani inayopakwa kwenye ukanda wa ngozi ili kumalizia kunoa kisu, inaitwaje? Wengine wameshajijibu kwamba Kiswahili hakina neno. Kauli hiyo hunikera, maana aghalabu hutolewa na mtu ambaye hajatafuta.

Hebu tuanze na kitenzi chenyewe. Noa ni neno la kale la Kibantu. Majirani zetu Wakikuyu husema 'noora', na jiwe la kunolea huliita 'inooro', jina ambalo siku hizi wengi hulijua kama stesheni ya redio. Mswahili huliita noo. Likiwa dogo, kinoo. Je, ile 'r' ya Gikuyu imekwenda wapi? Imedondoka, kama ilivyodondoka 'njira' ilipokuwa njia. Lakini haikupotea kabisa. Kisu kimefanywa nini? Kimenolewa. Hiyo 'l' ndiyo ndugu yake, imejificha kwenye mnyambuliko. Iko pia katika noleo, ile pete ya chuma inayobana mpini wa kisu.

Msasa nao una historia tamu. Asili yake ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kusugulia mbao zikawa laini. Karatasi ya kiwandani ya kusugulia ilipoletwa, ikarithi jina la jani. Hakuna kamati iliyoketi, bwana! Fundi alitazama kazi ya kitu, akakiita.

Basi nasi tutazame kazi. Katika Kiswahili dawa si ya mgonjwa pekee. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Kwa nini tusiseme dawa ya makali? Na ngozi yenyewe, ambayo vinyozi wa zamani walisugulia wembe, ni ukanda wa kunolea. Sioni pengo hapo.

Ila dawa hizo si moja, na anayenunua hana budi kuzitofautisha. Ya kijani kwa kawaida ni oksidi ya kromiamu, yenye chembe za takriban nusu ya maikroni. Ni ngumu kuliko feleji ya visu vingi vya jikoni, na mimi ndiyo ningempendekezea mtu anayeanza. Nyekundu ni oksidi ya chuma, yaani ndugu ya kutu iliyosagwa ikawa vumbi. Masonara huitumia kung'arisha dhahabu. Kwa kisu, hung'arisha zaidi ya kukata. Ya almasi ni kali kuliko zote, nayo hufaa feleji ngumu zenye vanadiamu, ambazo dawa nyingine huziparaza tu.

Hata hivyo, kisu kilichobutuka kabisa hakiponi kwa dawa. Kirudishwe kwanza kwenye kinoo, au kwa wale wanoaji wanaozunguka mitaani na baiskeli zenye gurudumu la kunolea. Kisha paka dawa kidogo tu, ukiburuta kisu mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukitanguliza makali, utakachokata ni ukanda.