Ningi, Mfumu au Mchawi? Ng'wanamalundi baina ya Simulizi ya Kisukuma na Fasihi Andishi ya Kiswahili

Makala hii inachunguza jinsi Ng'wanamalundi, mcheza ngoma wa Kisukuma aliyevuma katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, alivyoingia katika fasihi andishi ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba jina la kazi tunalompa mhusika huyu ndilo linaloamua ni historia gani tutakayoisoma ndani yake.

Simulizi zake hutambwa kote Usukuma, ikiwa ni pamoja na Ntuzu, eneo linaloangukia leo katika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Tukio linalorudiwa zaidi ni la kijana anayeunyooshea mti kidole ukakauka. Msomaji wa Kiswahili humwita kijana huyo mchawi bila kusita. Kisukuma, hata hivyo, hutofautisha watu watatu: nfumu, yaani mganga na mpiga ramli, nogi, mwenye kuroga kwa siri ili adhuru, na ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma.

Tofauti hizo zina historia. Ngoma za Usukuma ziligawanyika katika makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, yanayonasibishwa na waasisi wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hayo hushindana uwanjani, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Kila upande hutafuta dawa ya mvuto, nayo ni zana ya kazi sawa na ngoma yenyewe. Kwa mtazamo huo, muujiza wa mti unaweza kusomwa kama kumbukumbu ya ushindani wa sanaa: ningi huonyesha uwezo wake hadharani mchana, ilhali nogi hutenda gizani.

Utawala wa Waingereza uliziba mwanya huo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliufasili uchawi kwa upana, hata kudai tu kuwa na nguvu au maarifa ya siri kukahesabiwa humo. Neno moja la kisheria likawafunika wote watatu.

Hapo ndipo tamthilia ya Emmanuel Mbogo, Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988), inapopata uzito wake wa kihistoria. Anwani yake haimtaji mchawi wala mganga. Inatanguliza ngoma, neno ambalo katika Kiswahili hubeba chombo, uchezaji na tambiko kwa pamoja. Utanzu nao unasaidia. Riwaya ingeusimulia mvuto wa ningi, lakini jukwaa linaweza kuutenda mbele ya hadhira. Ebrahim Hussein alikwishaonyesha njia katika Kinjeketile (1969), alipomtenga mhusika wake wa kisanaa na yule wa Vita vya Majimaji. Tamthilia ya namna hii, kwa hiyo, isichukuliwe kama hati ya maisha ya mtu. Ni ushahidi wa namna kizazi kilichoiandika kilivyouelewa urithi wake.

Suala hili si la istilahi tu. Kijiji cha Gamboshi, wilayani Bariadi, kinatajwa nchini kote kama makao ya wachawi. Usukumani humohumo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa kupikia. Pale lugha inapokosa nafasi kati ya ningi na nogi, kila jambo lisiloeleweka huishia kwenye tuhuma.

Mtafiti anayekusanya simulizi hizi Simiyu hana budi, basi, kuandika neno la Kisukuma alilolitumia msimulizi kabla ya kulifasiri. Akiandika “mchawi” moja kwa moja, atakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuisikia ngoma.