Upangaji wa Mitambo ya Simu za Ofisini: Istilahi na Vifaa Vyake

Mtambo wa simu wa ofisi, ambao mafundi huuita PABX na watumishi wa siku nyingi bado huuita swichibodi, huunganisha simu zote za ndani ya taasisi na kuzipatia njia chache za kutokea nje. Ofisi yenye meza 24 haihitaji kulipia laini 24. Laini nane zaweza kutosha, kwa kuwa si wote wanaopiga nje kwa wakati mmoja.

Njia inayotoka kwa kampuni ya simu na kuingia kwenye mtambo huitwa laini ya nje. Simu iliyo mezani kwa mtumishi hutambuliwa kwa namba ya ndani, au ekstensheni. Tarakimu inayobonyezwa ili kupata laini ya nje, aghalabu 9 au 0, ni namba ya kutokea. Daraja la huduma ni ruhusa anayopewa kila mwenye simu: mmoja hupiga ndani tu, mwingine hufikia simu za mkononi, na wachache hupiga nje ya nchi.

Kupanga mtambo ni kuufundisha mambo hayo yote. Kwa mitambo ya zamani, kazi hiyo hufanywa kwa simu ya mfumo, yaani simu maalumu yenye kioo na vitufe vingi. Simu ya kawaida ya mezani haiwezi kuchukua nafasi yake. Mfano ni Panasonic KX-TES824, uliowahi kuenea katika ofisi ndogo: huanza na laini 3 za nje na simu 8, hupanuliwa hadi laini 8 na simu 24, na simu ya mfumo ya kupangia huchomekwa kwenye tundu namba 01. Mtambo huo hupangwa pia kwa kompyuta kupitia waya. Mitambo inayotumia itifaki ya intaneti hupangwa kwa kivinjari cha kompyuta, na simu zake hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao.

Mkoba wa fundi huwa na koleo la kubania plagi, kifaa cha kusukumia nyaya kwenye kisanduku cha maungio, simu ya majaribio, na kitafuta waya, ambacho hupeleka mlio upande mmoja ili waya utambulike upande wa pili. Hiki cha mwisho huokoa muda mwingi katika majengo ya zamani, ambako nyaya hazina alama.

Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja. Tarakimu 5, kwa mfano, ni mlio wa hezi 770 na wa hezi 1336. Mtambo husoma milio hiyo mpigaji anapoelekezwa na sauti iliyorekodiwa kubonyeza 1 kwa idara ya fedha au 2 kwa masijala.

Hasara kubwa ya fedha hutokana na nywila. Mitambo mingi hutoka kiwandani ikiwa na nywila nyepesi kama 1234, nayo imechapishwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho yeyote aweza kukisoma. Mhalifu akiijua, na huduma ya kupiga nje kwa kupitia mtambo ikiwa imeachwa wazi, hupiga simu za kimataifa usiku kucha na ankara huiangukia ofisi.

Hatari zaidi ni ile isiyoonekana hadi siku ya ajali. Mitambo mingi midogo huanza kugawa namba za ndani kutoka 101. Kwa Tanzania, ambako 112 ni namba ya dharura ya polisi na 114 ni ya zimamoto, anayepiga 114 wakati wa moto anaweza kuitikiwa na meza ya stoo. Ni busara namba za ndani zianze na 201, na mtambo uelekezwe kutoa 112 na 114 moja kwa moja bila namba ya kutokea.

Nchini Marekani jambo hilo liligharimu maisha. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, mtoto wa miaka 9 alipiga 911 mara kadhaa mama yake akishambuliwa, asijue kwamba simu ya chumbani ilihitaji 9 kwanza. Mama alifariki. Sheria ya Kari, inayobeba jina la mama huyo, ilitiwa saini Februari 16, 2018, na mitambo mipya tangu Februari 16, 2020 hulazimika kuruhusu 911 kupigwa moja kwa moja.

Upangaji ukikamilika, fundi huhifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta na kukabidhi ofisi orodha ya namba za ndani na madaraja yake kwa maandishi. Nywila mpya hukabidhiwa kwa msimamizi peke yake, katika bahasha iliyofungwa.