Jiji Zima Kiganjani: Historia ya Mchezo Uliopunguzwa

Katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, wako mafundi cherehani ambao kazi yao si kushona nguo mpya bali kupunguza mitumba. Koti lililokatwa kwa ajili ya mzee mnene wa Ulaya hufumuliwa mishono, hukatwa mabega na hubanwa kiuno hadi limkae kijana wa Kampala. Fundi mbaya hukunja mikono tu, akapiga uzi, akamaliza. Fundi mzuri hufumua kwanza.

Nimeanza na mafundi hawa kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili katika toleo hili, ingawa linahusu michezo ya video, ni lilelile. Kazi kubwa iliyotengenezwa kwa chombo kikubwa inapotakiwa kuingia katika chombo kidogo, ni nini hukatwa na ni nini hubaki? Wanafasihi wetu huliita jambo hili uhawilishaji, na kwa kawaida hulitolea mfano wa riwaya iliyogeuzwa kuwa tamthilia au filamu. Mfano wangu wa leo una uhuni kidogo. Naomba radhi kwa wazee wa idara.

Mchezo wenyewe unaitwa Grand Theft Auto. Ulitengenezwa na kampuni ya DMA Design katika mji wa Dundee, Scotland, ukatoka mwaka 1997. Mchezaji ni jambazi: anaiba magari, anapewa kazi na wakubwa wa magenge, anakimbizwa na polisi. Hata hivyo, si ujambazi peke yake uliowavuta watu. Michezo mingi ya wakati ule ilimwongoza mchezaji kutoka chumba hadi chumba, lakini huu ulimwachia mji. Angeweza kuacha kazi aliyotumwa na kuzurura tu barabarani. Picha zilichorwa kana kwamba mtu anachungulia barabara kutoka paa la ghorofa. Mwaka 2001 lilipotoka toleo la tatu kwenye PlayStation 2, kamera ilishuka hadi mtaani, nyuma ya mgongo wa mhusika, na mji wa Liberty City ulioigwa kutoka New York ukawa na kina, madaraja na mvua. Ni mchezo wa watu wazima, na nchini Uingereza matoleo yake makubwa yamewekewa kiwango cha miaka 18. Mwalimu anayesoma makala haya asiende kuwapa watoto wa shule.

Jaribio la kwanza la kuuingiza mkononi lilifanyika mwaka 1999, kwenye Game Boy Color ya kampuni ya Nintendo. Kifaa hicho kilikuwa na skrini ya nukta 160 kwa 144, prosesa ya megahezi 8 hivi, na vitufe vichache mno. Kazi ilipewa Tarantula Studios ya Lincoln, Uingereza. Uamuzi wao ulikuwa wa kijasiri: waliibakiza miji katika ukubwa wake wa asili, wakaondoa damu na matusi. Kiufundi lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini mji ulikuwa mkubwa na dirisha dogo, na mtu aendeshaye kwa kasi huku akiona mita chache tu mbele yake haioni kona mpaka ameshaigonga. Hapa, kwa maoni yangu, mikono ya koti ilikunjwa tu.

Mwaka 2004 kampuni ya Kimarekani iitwayo Digital Eclipse ilijaribu tena kwenye Game Boy Advance. Nia ya awali ilikuwa kuuleta mchezo wa mwaka 2001 wenyewe. Haikuwezekana. Kilichotoka kilikuwa hadithi nyingine, iliyotokea kabla ya ile, katika mji uleule, na kamera ikarudishwa juu ya paa. Ulitoka Marekani mwezi Oktoba, siku ileile ulipotoka ndugu yake mkubwa, San Andreas, na ni rahisi kuelewa kwa nini wachache waliukumbuka.

Kisha ikaja PSP ya Sony, na hapo kiburi cha wahandisi kikarudi. Studio moja ndogo ya Leeds, iliyokuwa ikiitwa Mobius Entertainment, ilinunuliwa mwaka 2004 na kuingizwa katika familia ya Rockstar. Mwezi Oktoba 2005, wakishirikiana na wenzao wa Scotland, wakatoa Liberty City Stories. Huu sasa ulikuwa mji kamili wenye kina, kwenye skrini ya nukta 480 kwa 272. Kumbukumbu ya kifaa ilikuwa megabaiti 32 tu, kwa hiyo mji haukuweza kukaa ndani yake wote kwa wakati mmoja. Kadiri mchezaji anavyoendesha, mashine husoma mitaa ya mbele kutoka kwenye diski na kuisahau ya nyuma. Kijiti cha kuelekezea kilikuwa kimoja pale ambapo PlayStation 2 ina viwili, basi kuigeuza kamera kukawa taabu. Kuogelea, ambako San Andreas iliruhusu mwaka mmoja kabla, hakukuwamo. Ulipendwa sana. Mwaka 2006 ukarudishwa kwenye PlayStation 2, yaani koti la mtoto likapelekwa kwa mzee, jambo ambalo hata Owino sijalisikia.

Lakini kwa mwalimu wa lugha, toleo la kutazama kwa makini ni lile la mwezi Machi 2009, Chinatown Wars, lililotengenezwa na watu walewale wa Leeds kwa ajili ya Nintendo DS. Ukilinganisha na PSP, DS ilikuwa maskini: kumbukumbu ya megabaiti 4, prosesa ya megahezi 67, na mchezo mzima ulikaa katika kadi ndogo kama stempu ya posta. Ilikuwa na skrini mbili, na ya chini iliguswa kwa kalamu ya plastiki. Safari hii mafundi walifumua mishono yote.

Kamera ilirudi juu, ila sasa iliweza kuzunguka, na michoro ikawekewa mistari mizito kama ya vibonzo ili gari na mtu vionekane katika picha ndogo. Wizi wa gari lililoegeshwa, ambao katika matoleo makubwa ulikuwa kubonyeza kitufe tu, ukawa kazi ya mikono: mchezaji anafungua skrubu kwa kalamu, anaunganisha nyaya, au anazungusha bisibisi mahali pa ufunguo, huku polisi wakikaribia. Hata sheria ya kukimbizwa ilibadilishwa. Zamani mchezaji alitakiwa kukimbia mbali na kujificha, lakini sasa aliweza kuwapunguza polisi kwa kuyafanya magari yao yagonge na kuharibika. Tena kulikuwa na biashara ya dawa za kulevya, kununua mtaa huu na kuuza mtaa ule kwa bei ya juu, jambo lililozua maneno mengi kwa kuwa mashine ya Nintendo ilijulikana kama chombo cha watoto.

Sauti nayo? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika matoleo makubwa, hadithi husemwa. Waigizaji huzungumza kwa lafudhi za mitaa, na redio za magari zina nyimbo, watangazaji na matangazo ya biashara ya kejeli. Kadi ya DS haikuwa na nafasi ya haya yote. Redio ikabaki na muziki wa ala bila waimbaji wala watangazaji. Hadithi ikawekwa katika picha zisizosogea, na maneno ya wahusika yakaandikwa chini yake. Mhusika mkuu, Huang Lee, ana kejeli nyingi, lakini kejeli hizo mchezaji huzisoma. Uhaba wa nafasi uligeuza masimulizi ya mdomo kuwa maandishi, na mwandishi akalazimika kutia lafudhi, hasira na dharau katika sentensi mbili fupi. Wahakiki waliusifu kuliko karibu mchezo mwingine wowote wa kifaa hicho. Mauzo ya mwanzo, hata hivyo, yaliwakatisha tamaa wenyewe. Mwezi Oktoba 2009 ukapelekwa PSP, na mwaka 2010 simu ya iPhone.

Sisi wa Kampala tunaijua njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Katika vibanda vya video vya mitaa yetu, filamu ya ujambazi iliyotengenezwa kwa ukumbi mkubwa wa Marekani au Hong Kong huletwa katika chumba cha mabati chenye runinga na mabenchi. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti, tunayemwita VJ, hupunguza sauti ya filamu na kuisimulia kwa Kiganda. Haishii kutafsiri. Huwapa wahusika majina ya kwetu, hueleza kwa nini yule anamkimbiza huyu, hutia utani. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanafahamika hata kwa wasiopenda filamu. Dar es Salaam walikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyefanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili. Na filamu ya Wakaliga ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ya Nabwana I.G.G., imevuka bahari ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake kana kwamba imezaliwa nayo. Kule Leeds chombo kilipokuwa kidogo waliondoa sauti. Hapa kwetu chombo kilipokuwa kidogo tuliongeza sauti. Sidhani kama ni bahati tu. VJ ana pumzi yake mwenyewe, na pumzi haijazi kadi.

Sasa kifaa cha mkononi ni simu, nayo imepata nguvu kiasi kwamba fundi karibu hahitajiki. Toleo la mwaka 2001 liliingia kwenye simu mwaka 2011, na San Andreas mwaka 2013, bila kubadilishwa hadithi. Kilichopotea ni vitufe: vidole viko juu ya kioo, na kioo ndicho chenye picha.

Lililobaki ni lugha. Chinatown Wars haukupata Kiswahili, na matoleo makubwa vilevile hayakupata. Wako wanaosema ni suala la soko. Mimi nadhani hata soko likiwepo, kazi itakuwa ngumu kuliko wanavyodhani, na ni kazi ambayo wahitimu wetu wangeweza kulipwa kwayo. Kiswahili kilitajwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watakuwa na simu.

Chukueni kisanduku cha maandishi cha skrini ndogo. Kiswahili kina maneno machache lakini marefu: “wamekwishatuona” ni neno moja lenye herufi 15, nalo lina habari ambayo Kiingereza huihitajia maneno matano. Kwa jumla ya herufi tunafaidi. Kwa upana wa mstari tunaumia, kwani neno haliwezi kukatwa popote tu. Pakatwe wapi, baada ya “wamekwisha”? Mwanafunzi wa mofolojia anaweza kujibu, mtengenezaji programu hawezi.

Gumu zaidi ni sentensi zenye pengo. Michezo hii haiandiki kila sentensi kikamilifu. Huhifadhi kiunzi kimoja, na jina la kitu huchomekwa mchezo ukiendelea. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja kinatosha kusema kwamba kitu fulani kimeibwa, kiwe gari, kisu au mzigo. Kwetu gari limeibwa, teksi imeibwa, kisu kimeibwa, mzigo umeibwa, malori yameibwa, na mlinzi, kama naye kachukuliwa, ameibwa. Anayetafsiri maneno yaliyo juu ya skrini tu atatoa “kisu limeibwa”, na kijana wa Mombasa atacheka hadi aiangushe simu. Inabidi kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, umoja na wingi, na kitenzi kichague kiambishi chake kabla ya kuonyeshwa. Mabadiliko hayo hayafanyiki katika orodha ya maneno. Hufanyika ndani ya programu yenyewe, kwenye mshono.