Khanga iliyolipuka

Wiki tatu zilizopita khanga ya bibi ililipuka. Msishtuke jamani, hakuna aliyeumia. Ni khanga ya kwenye kompyuta.

Mimi na wanafunzi wenzangu wawili wa darasa la jioni tunatengeneza katuni ya sekunde 40: bibi anaanua khanga kambani, upepo unavuma, vumbi linatimka. Basi. Lakini kila tulipowasha upepo, khanga ilitetemeka, ikatanuka, ikatawanyika skrini nzima. Mwenzetu mmoja akashauri tuiache khanga, bibi aanue ndoo. Nikagoma. Bila khanga ile hadithi yenyewe haipo.

Sasa mwandishi wa habari akishindwa kazi hufanya nini? Huenda kutafuta chimbuko.

Nikaanza na vumbi. Mwaka 1982 filamu ya Star Trek II ilionyesha ukuta wa moto ukiizunguka sayari. Mwaka uliofuata William Reeves wa Lucasfilm akaeleza kwa maandishi jinsi ulivyotengenezwa. Moto hauna umbo la kuchora, kwa hiyo yeye alitumia maelfu ya chembe. Kila chembe inazaliwa na kasi yake, rangi yake na umri wake, halafu inakufa. Vumbi letu ni mjukuu wa moto ule.

Nguo ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1986 Jerry Weil alionyesha namna ya kuchora kitambaa kilichoning'inia, lakini kilichotulia. Mwaka 1987 Demetri Terzopoulos na wenzake wakaleta fizikia ya vitu vinavyonyumbuka. Njia iliyozoeleka baadaye ni hii: nguo ni wavu wa nukta zilizofungwa kwa springi. Sheria ya springi tunayo tangu Robert Hooke, mwaka 1678: ukivuta zaidi, inakuvuta zaidi.

Hapo ndipo balaa. Khanga haivutiki kama mpira, kwa hiyo springi zake lazima ziwe ngumu. Na kompyuta huhesabu muda hatua kwa hatua. Hatua ikiwa ndefu, nukta inapitiliza, springi inairudisha kwa nguvu kubwa zaidi, nayo inapitiliza tena zaidi, mpaka nguo inalipuka. Kumbe kosa letu lilikuwa la zamani! Dawa yake ilikuwa hatua ndogondogo, yaani kusubiri mpaka uchoke.

Mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin wakaigeuza hesabu. Badala ya kuuliza springi inavuta vipi sasa hivi, uliza itavuta vipi mwisho wa hatua, na utafute jibu la nukta zote kwa pamoja. Hatua zikarefuka, nguo ikatulia. Mwaka 2001 fulana ya mtoto Boo ikapepea kwenye Monsters, Inc. ya Pixar, na mwaka 2006 wawili hao na Michael Kass wakapewa tuzo ya kiufundi ya Oscar.

Juzi tulifungua mipangilio, tukaongeza idadi ya hatua katika kila fremu, tukalala. Alfajiri khanga ilikuwa inapepea. Nilikaa nikaitazama mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Bado inapenya kiwiko cha bibi. Nimeona watatu wale waliandika mwaka 2003 kuhusu nguo inayojipenya inapobanwa na mwili. Leo usiku naanzia hapo.