Tafakari Kabla ya Kusambaza: Wajibu wa Mwamini Katika Mitandao ya Kijamii

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na makumi ya wengine waliokolewa katika kazi iliyodumu siku kadhaa. Kabla vumbi halijatulia, picha na video za tukio hilo zilikuwa zimekwisha kuenea nchi nzima kwa njia ya simu.

Katika msiba wa namna hii, simu ileile yaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Inaweza kuwaita waokoaji, kuwakusanya wachangia damu na kuwaelekeza ndugu mahali pa kuulizia. Lakini inaweza pia kumwonesha mama, akiwa nyumbani kwake mkoani, mwili wa mwanaye kabla hajapigiwa simu na mtu yeyote wa ukoo. Tofauti ya kazi hizo mbili haitokani na chombo. Inatokana na uamuzi wa mtu mmoja aliyekishika, na mara nyingi uamuzi huo huchukua sekunde chache tu. Makala hii inaeleza mafundisho ya Kanisa na sheria za nchi kuhusu uamuzi huo, pamoja na hatua za kuchukua katika maisha ya kila siku.

Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivipokea vyombo hivyo kama vipaji vinavyoweza kuisaidia sana familia ya binadamu, endapo watumiaji wake watazingatia kanuni za maadili. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni kwa mwaka 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alizungumzia habari za uongo, akiongozwa na maneno ya Yesu katika Injili ya Yohane 8:32 juu ya ukweli unaomweka mtu huru. Kanisa, basi, haliwakatazi waamini kutumia mitandao. Linawaomba wabebe humo dhamiri ileile wanayokuwa nayo kanisani, sokoni na nyumbani.

Msingi wa mafundisho haya ni Amri ya Nane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya heshima ya jirani. La kwanza ni kumhukumu mtu kwa haraka, yaani kukubali kwamba ametenda kosa pasipo msingi wa kutosha. La pili ni kumsengenya, yaani kufichua kasoro au makosa yake, bila sababu ya haki, kwa watu wasioyajua. La tatu ni kumsingizia, yaani kusema uongo unaoharibu jina lake.

Kosa la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Wengi wetu hujitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli!" Kanisa linajibu kwamba ukweli wa jambo peke yake hauhalalishi kulitangaza. Namba 2489 ya Katekisimu inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kuufunua ukweli kwa mtu asiye na haki ya kuujua. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu na kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake.

Hatari ya kuhukumu kwa picha

Mkazi wa Kariakoo hahitaji kufundishwa maana ya kelele ya "mwizi!" Anajua kwamba neno hilo likipigwa katikati ya umati wa watu, anayenyooshewa kidole anaweza kufa kabla ya kuulizwa jina lake. Ametufikia sisi sote, wakati mmoja au mwingine, mtu aliyekuwa shahidi wa jambo hilo, na wako waliotambua baadaye kwamba aliyepigwa hakuwa ndiye.

Leo kelele hiyo inapigwa kwa picha. Mfanyabiashara anakata sura ya mteja kutoka katika kamera ya duka, anaandika chini yake kwamba huyu ni tapeli, na kuituma katika kundi la wenzake. Mwingine anaweka picha ya mdaiwa wake kwenye stetasi ili apate aibu na kulipa. Kelele ya mdomo hufika mwisho wa mtaa na kunyamaza, lakini picha hubaki. Ikigundulika jioni kwamba mteja alikuwa amelipa kwa simu na muamala ulichelewa, hakuna anayeweza kuzunguka katika makundi yote yaliyoipokea na kuirudisha. Watoto wake wataiona, mwajiri wake ataiona, na wanajumuiya wenzake wataiona.

Mwenye malalamiko halali anazo njia za haki. Injili ya Mathayo 18:15–17 inaanza na mazungumzo ya faragha kati ya mkosaji na mkosewa, kisha mashahidi wawili au watatu, na mwishoni ndipo jambo linapofikishwa kwa jumuiya. Sheria za nchi nazo zina polisi, serikali ya mtaa na mahakama. Picha ya kamera ni ushahidi mzuri ikipelekwa kituoni, lakini ikirushwa kwa umma inageuka kuwa hukumu isiyo na hakimu.

Kulinda taarifa zetu wenyewe

Busara inatutaka pia tujilinde sisi wenyewe na watu wanaotutegemea. Mambo manne yanastahili kuangaliwa.

Kwanza, vitambulisho. Mtu akiokota kitambulisho cha Taifa karibu na kituo cha mabasi, mara nyingi hupiga picha na kuisambaza ili mwenyewe apatikane. Nia ni njema, lakini namba, tarehe ya kuzaliwa na sura ya mwenye kitambulisho huwafikia pia matapeli. Inatosha kutaja jina na mahali kilipookotwa, kisha kukikabidhi kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa. Kila mmoja anaweza kuhakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Pili, miamala. Picha ya ujumbe wa malipo inaonesha jina, namba ya simu na wakati mwingine salio. Anayeituma katika kundi ili kuthibitisha mchango wake amewapa watu wote taarifa ambazo mhazini peke yake alizihitaji. Kuhusu namba ya siri na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi, kanuni ni moja: hapewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu au mtumishi wa parokia. Ujumbe wa kitapeli, kama ule maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", unaweza kuripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040.

Tatu, mikopo ya mtandaoni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu nyingine za namna hii huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, ndugu, wateja na hata paroko wake huanza kupokea ujumbe wa kumwaibisha. Hapa mtu husambaza taarifa za wengine bila kuandika neno lolote, kwa kubonyeza tu "ruhusu". Ni vema kuthibitisha leseni ya mkopeshaji kabla ya kupakua programu yake.

Nne, mahali na wakati. Anayetangaza mubashara kwamba familia nzima iko safarini kwa hija ametangaza pia kwamba nyumba haina mtu. Picha za hija hazipungukiwi neema zikiwekwa baada ya kurudi.

Familia, Jumuiya na parokia

Makundi ya simu yamekuwa msaada mkubwa kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hasa katikati ya jiji, ambako wanajumuiya wengi wanafunga biashara usiku na hawaonani kwa urahisi. Lakini upendo unahitaji kiasi hapa pia.

Tunapoomba sala kwa ajili ya mgonjwa, inatosha kutaja jina lake, na hata hilo kwa ridhaa yake. Mungu anayaponya magonjwa bila kusomewa majibu ya maabara. Aina ya ugonjwa, namba ya wodi na picha ya mtu akiwa kitandani ni mali ya mgonjwa na familia yake. Vivyo hivyo, mashauri ya ndoa yanayofikishwa kwa viongozi wa Jumuiya hayapaswi kugeuzwa kuwa ujumbe wa sauti unaotumwa kwa "watu wachache tu".

Orodha za zaka na michango zinahitaji uangalifu wa pekee. Uwazi wa fedha ni wajibu wa kila mhazini, na jumla ya makusanyo na matumizi inapaswa kujulikana. Lakini orodha inayomwonesha mjane aliyeshindwa kutoa, ikiwa imewekwa mbele ya watu mia mbili, inaweza kumfukuza kutoka katika Jumuiya. Taarifa ya mtu mmoja mmoja apewe mwenyewe.

Kuhusu watoto, mzazi akumbuke kwamba mtoto hawezi leo kutoa ridhaa kwa ajili ya mtu mzima atakayekuwa kesho. Picha ya Ubatizo au Komunyo ya Kwanza ni furaha ya familia. Picha ya mtoto akiadhibiwa, akioga au akilia kwa aibu si ya kuwekwa hadharani kamwe, na picha yenye sare na jina la shule humwelekeza mtu mbaya mahali pa kumpata. Walezi wa Utoto Mtakatifu na makatekista waombe ridhaa ya wazazi kabla ya kuchapisha picha za watoto wanaowalea.

Sheria za nchi

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa akijua kwamba ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuhadaa umma. Kama ilivyotungwa, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzitumia kwa kusudi lililokusudiwa na kuzilinda. Ofisi zetu za parokia, zenye vitabu vya Ubatizo, ndoa na namba za simu za waamini, hazina budi kuutazama wajibu huu kwa makini. Mwamini haishiki sheria kwa hofu ya adhabu tu, bali kwa sababu inamlinda jirani.

Usiri si kuficha uovu

Mafundisho haya yasitumiwe kamwe kuwanyamazisha wanaoumizwa. Kutotangaza ni tofauti na kuficha. Mtoto anapodhulumiwa, iwe nyumbani, shuleni au katika mazingira ya Kanisa, anayejua analazimika kusema, na kusema kwa wenye uwezo wa kumwokoa: Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, au simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Waraka wa Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, wa mwaka 2019, unawataka mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa wanapofahamu au kuwa na sababu za msingi za kuamini kuwa dhuluma za namna hiyo zimetendeka. Lakini hata hapo, jina na picha ya mtoto havipelekwi mtandaoni, kwani kufanya hivyo ni kumjeruhi mara ya pili.

Ikiwa limekwisha kutoka

Wahenga walisema neno likitoka halirudi. Hata hivyo Kanisa halituachi katika majuto matupu. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Kwa hiyo, kufuta ujumbe hakutoshi, na kuungama bila kurekebisha ni kuacha kazi nusu. Aliyesambaza uongo aseme katika kundi lilelile, kwa maneno ya wazi, kwamba alichotuma hakikuwa kweli, na awaombe waliokipeleka mbele wafanye vivyo hivyo. Kisha amwendee aliyeumizwa, amwombe msamaha, na amsaidie kwa kadiri ya hasara aliyompatia. Kama kosa lilikuwa la kufichua jambo la kweli, asilirudie kwa kisingizio cha kuomba radhi hadharani, bali amwendee mhusika kwa faragha.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kutuma, na hata jioni wakati wa kutafiti dhamiri, mwamini anaweza kujiuliza hivi:

1. Je, nina hakika kwamba jambo hili ni la kweli, na nimelijuaje?
2. Je, ni langu kulisema, au ni la mtu mwingine?
3. Je, ninaowatumia wana haki au haja ya kulijua?
4. Je, mhusika akiwa amekaa karibu nami, ningelituma?
5. Je, litamsaidia nani, na litamwumiza nani?

Viongozi wa Jumuiya wanaalikwa kuyasoma maswali haya pamoja na wanajumuiya katika mkutano wa wiki, na kupatana juu ya kanuni chache za kundi lao la simu: nani anatangaza misiba, taarifa za wagonjwa zinatolewa vipi, na mhazini anatoa hesabu kwa njia gani. Mapatano ya nusu saa yanaweza kulinda jina la mtu kwa miaka mingi.