JENERALI MUSUGURI: MZEE WA BUTIAMA ALIYEMFUNDISHA IDI AMIN JESHI, BAADAYE AKAMFUATA MPAKA KAMPALA

Leo mastaa na nyimbo mpya wapumzike kidogo, tuongelee staa ambaye hakuwahi kupanda jukwaani.

Kijana wa rika langu ukimuuliza Idi Amin alikuwa nani atakueleza mpaka mwendo wake, maana muvi ameziangalia. Muulize sasa nani aliongoza jeshi lililomng'oa. Wengi wanajibu "Nyerere" halafu wanakaa kimya. Ni kweli Mwalimu ndiye aliyetoa amri, lakini amri haitembei yenyewe kwa miguu kutoka Kyaka mpaka Kampala. Kuna watu waliibeba, na aliyekuwa mbele yao alikuwa mtu wa huku huku kwetu.

Tarehe 29 Oktoba 2024, hapa hapa Mwanza, pale Bugando kilimani, alifariki Jenerali mstaafu David Bugozi Waryoba Musuguri. Alikuwa na miaka 104. Siku ile watu walituma picha yake kwenye magrupu, wakaandika "pumzika kwa amani kamanda", kesho yake mambo yakaendelea. Mimi ilinikaa kichwani. Mtu aliyezaliwa mwaka 1920 amekufa juzi tu, kaishi mjini kwetu siku zake za mwisho, na wengi tulikuwa hatujui hata kama bado yupo.

Haya, twende mwanzo kabisa.

Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Kijiji ni kile kile cha Mwalimu Nyerere, ambaye alizaliwa Aprili 1922, kwa hiyo Musuguri alimzidi miaka miwili na kidogo. Wakati huo Waingereza ndo kwanza wameichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Mmoja wa hawa watoto wawili alishika kitabu, mwingine akashika bunduki. Mwaka 1942 Musuguri aliingia King's African Rifles, ile waliyoiita KAR, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki. Alikuwa na miaka 22.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto, akapelekwa Madagaska. Wengi tukisikia askari wa KAR tunawaza Burma tu, lakini Madagaska nako watu wetu walipelekwa. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyokuwa imekubali kukaa chini ya Hitler, na Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakakitumia kufunga njia ya meli ya Bahari ya Hindi. Wakavamia Mei 1942, brigedi ya Afrika Mashariki ikafuata baadaye, mpaka Novemba kisiwa kikasalimu amri. Hebu fikiria kijana aliyekulia vilima vya Butiama, maji makubwa anayoyajua ni ya ziwa, anapandishwa meli kwenda kupigana na Mfaransa kwa niaba ya Mwingereza. Ugomvi wenyewe haukuwa wake hata kidogo.

Na malipo? Mwaka 2019 Al Jazeera walitoa nyaraka zinazoonyesha kwamba vita vilipoisha Waingereza waliwalipa kiinua mgongo askari wao wa makoloni kwa kuangalia rangi ya ngozi. Mweupe alipata mpaka mara tatu ya alichopata Mwafrika wa cheo kile kile. Mimi hapa huwa nakasirika, samahani. Babu zetu walirudi na koti la jeshi na vihela kidogo, na wengi wamekufa bila hata kujua kwamba walipunjwa kwa makusudi.

Musuguri yeye hakurudi kijijini. Alibaki jeshini, mwaka 1947 akawa sajenti, akapelekwa Kahawa, Kenya, kuwa mwalimu wa askari. Hapo ndo stori inapokolea. Kati ya askari waliopita mikononi mwake alikuwemo Mganda mmoja mrefu, mwenye mabavu, bondia. Jina lake Idi Amin Dada. Amin alikuwa ameingia KAR mwaka 1946. Kwa hiyo huyu jamaa ambaye baadaye alitangaza eti apigane ngumi na Nyerere ulingoni ili kumaliza vita, alishasimama foleni asubuhi akipigiwa kelele na mzee wetu wa Butiama.

Mwaka 1957 Musuguri alikuwa kati ya Waafrika waliopewa cheo cha efendi. Nikieleze kidogo hiki cheo maana ni cha ajabu. Waingereza hawakutaka kumfanya Mwafrika ofisa kamili, na huku uhuru unakuja, hawawezi kuendelea kumwambia mtu mwenye uzoefu wa miaka 15 kwamba mwisho wake ni usajenti. Wakatengeneza cheo cha katikati. Efendi alikuwa juu ya masajenti wote lakini hakuwa sawa na luteni mzungu aliyetoka shule juzi. Amin naye alikipata baadaye.

Uhuru ulipokuja 1961, KAR ya huku ikageuka kuwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wa Dar es Salaam wakaasi wakidai mishahara na maofisa wazungu waondoke, na kesho yake maasi yakafika Tabora. Nyerere aliaibika mpaka akaomba msaada wa Waingereza wale wale. Baada ya hapo jeshi lote likavunjwa, na Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Wengi walifukuzwa. Musuguri akabaki, akapanda cheo kimoja kimoja bila makelele.

Sasa Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakakamata eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba sasa ni mali ya Uganda. Raia waliuawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akahutubia taifa, ile hotuba ya sababu, uwezo na nia ambayo kila mtu anaijua. Wasichokijua wengi ni kwamba jeshi letu la wakati ule lilikuwa dogo. Likaongezwa haraka kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT mpaka likapita watu laki moja. Yaani mtu leo analinda ghala la pamba, mwezi ujao yuko kwenye handaki Mutukula.

Mapema 1979 Nyerere alimkabidhi Musuguri Divisheni ya 20, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa kusonga Uganda. Alikuwa na miaka 59. Huo kwa mtumishi wa serikali ni umri wa kufuatilia mafao, yeye ndo kwanza anapewa vita. Chini yake walikuwepo makamanda ambao majina yao nayo yanafaa kukumbukwa, kama John Butler Walden, yule ambaye askari walimwita Black Mamba. Upande wa magharibi, njia ya Mbarara, alikwenda Silas Mayunga. Masaka ikaanguka Februari.

Halafu ikaja Lukaya, na hapa naomba mkae vizuri.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Barabara inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, huku maji, huku maji. Ukiishikilia hiyo barabara umeushika mlango wa Kampala. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu moja, ya 201, ambayo wengi wao walikuwa mgambo ambao hawajawahi kuona vita, ilikuwa hapo. Mara wakakutana na Waganda na Walibya, maana Gaddafi alikuwa ametuma watu kumsaidia rafiki yake. Yale makombora yanayorushwa kwa mfululizo, Waganda waliyaita saba saba, yakaanza kunguruma. Wengi hayakuwapata hata, yalipita juu, lakini kelele zake zilitosha. Mstari ukavunjika, watu wakakimbia.

Nadhani hapa ndipo unapomjua kamanda. Wale hawakuwa waoga, walikuwa wakulima na walinzi waliovalishwa sare miezi michache nyuma. Musuguri hakukaa kulaumu. Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, kama kilomita 60 kaskazini magharibi. Akaiamuru igeuze, itembee usiku, ikaingie barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 Walibya na Waganda wakajikuta mbele kuna Watanzania waliojipanga upya na nyuma kuna Watanzania wengine. Mamia walikufa pale. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena vizuri.

Wana Mwanza nasi tulipata mgao wetu. Mwishoni mwa Machi Gaddafi akamtishia Nyerere aondoe majeshi, alipogomewa akaleta ndege kubwa ya kivita aina ya Tupolev kuja kupiga matanki ya mafuta hapa mjini. Rubani akakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala na ndege kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Ndiyo, Saanane hii hii ya Capri Point, ambayo siku hizi ni hifadhi ya taifa na tunaenda kupigia picha za birthday. Wale swala ni kati ya wahanga wa vita ambao hawana hata kibao.

Tarehe 7 Aprili Entebbe ikachukuliwa. Wakati wa kuingia Kampala, barabara ya mashariki ya kwenda Jinja iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya waondoke zao bila kuchinjwa na bila Libya kuaibishwa zaidi. Ukiwa na hasira huwezi kufanya kitu kama hicho. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mwanafunzi wa Kahawa alikuwa ameshakimbia. Alipita Libya, akaishia Saudi Arabia, akafia huko Jeddah mwaka 2003. Mwalimu wake aliishi miaka 21 zaidi.

Vita ilipokwisha Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda miezi 18. Wazazi wetu wanasema ile miezi 18 haijaisha mpaka leo, hahaha. Lakini enzi hizo haikuwa kichekesho: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitenge kwa kujuana. Na ni katika miaka hiyo migumu, 1980 hadi 1988, Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi. Ni wakati huo huo pia askari wetu walipelekwa Msumbiji kusaidia dhidi ya Renamo. Mwaka 1988 akastaafu, baada ya miaka 46 ndani ya sare.

Mtu wa cheo chake angeweza kubaki Dar, ajenge Masaki, awe mwenyekiti wa bodi hii na ile. Yeye akarudi Butiama. Miaka 36 ya mwisho ya maisha yake aliitumia kama mzee wa familia: watoto, wajukuu, vitukuu. Majina yao siyaandiki, hao wana maisha yao. Ila huwa najiuliza wale watoto wake wa kwanza walimjua vipi. Baba aliyekuwa Madagaska, Kenya, kisha kambi moja baada ya nyingine, halafu Uganda, amefika nyumbani na kutulia akiwa na miaka 68. Wajukuu pengine ndio waliomfaidi zaidi kuliko watoto. Nyumba za wanajeshi wengi ziko hivyo, anayebaki na watoto, na mashamba, na wagonjwa, ni mama, na huyo hapewi nishani.

Alizikwa Butiama kwa heshima zote za kijeshi, na alistahili. Ila Jenerali ana bahati kwamba ameandikwa. Wale wa Brigedi ya 201 waliokimbia usiku na kurudi alfajiri, wengi wako huku huku kwetu, Magu, Sengerema, Ukerewe, Bunda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo ameshapita 65. Wengine utawakuta wanalinda maduka usiku, wengine wanauza dagaa mwaloni, na hakuna anayewauliza kitu. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja, mkalie chini wikiendi hii umuulize. Shikamoo babu, ulikuwa brigedi gani? Mto mliuvukaje na daraja limelipuliwa? Usiku ule wa Lukaya ulikuwa wapi, na nani alikuwa pembeni yako? Halafu washa simu urekodi, kabla hajasinzia.